Joto la Chumba cha Eda

Mama alianguka adhuhuri, akiinuka kutoka sijida. Hakuanguka kwa kishindo. Alishuka taratibu ubavuni mwa mswala kama mtu aliyeghairi jambo katikati, akabaki pale na mkono mmoja chini ya shavu. Nilipomshika, mkono wake ulikuwa wa moto na umelowa jasho mpaka ukateleza mikononi mwangu. Akafungua macho, akaniuliza namwangalia nini.

"Kisunzi tu," akasema. "Niondokee, nimalize swala yangu."

Kaka yangu alifika kabla ya alasiri kutoka Kiembeni. Yeye ndiye mkubwa wetu. Ana nyumba yenye kiyoyozi, na subira haba. Alisimama mlangoni pa chumba, shati limemganda mgongoni, akatazama dirisha lililofungwa, kisha feni, kisha mama yetu aliyekuwa ameegemea ukuta katika nguo zake nyeupe.

"Mama, hapa hapakaliki. Twende kwangu."

"Siendi."

"Eda utakaa kule kule. Eda si ukuta."

"Babako kaniacha nyumba hii," Mama akasema, "na nyumba hii ndiyo nitakayotokea eda. Ukitaka kunibeba, ngoja niwe maiti."

Baba alikuwa amefariki mwanzo wa kaskazi, wakati joto la Mombasa linapoanza kuwa la kweli. Kwa sheria yetu mjane hukaa katika nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Mama alikuwa na presha tangu nilipokuwa shule ya msingi, na alikuwa bado ana zaidi ya nusu ya eda mbele yake, yote ndani ya miezi ya joto, katika chumba cha kati cha nyumba ya Kisauni chenye mabati juu na dirisha moja linaloelekea uchochoroni.

Kaka alinivuta hadi ukumbini. "Wewe ndiye uliyesoma hayo mambo ya mwili," akasema. "Basi soma. Nakupa mpaka Ijumaa. Nikija nikamkuta vile, namtia garini, akitaka asitake."

Nilikuwa na shahada ya biolojia ambayo hadi siku hiyo haikuwa imenifanyia kazi yoyote isipokuwa kunifundisha kubisha. Nilibisha na wahadhiri, nikabisha na waajiri wawili, na tangu tuzike nilikuwa nikibishana na shangazi yangu, dada yake Baba, aliyehamia kwetu ili amkalie Mama katika eda yake. Shangazi ndiye aliyelifunga lile dirisha. Wanaume hupita uchochoroni, alisema, na sauti ya mjane haifai kusikika nje.

"Imeandikwa wapi?" nilimuuliza.

"Kwenye kichwa changu," akajibu. "Ndicho kitabu kilichowakalisha eda wake wa nyumba hii kabla hujazaliwa."

*

Nilikuwa na kipimajoto, kile cha kumwelekezea mtu kwenye paji la uso. Wakati wa korona nilipata kibarua cha kusimama mlangoni mwa duka moja kubwa upande wa Nyali, nikiwapima wateja kabla hawajaingia. Kazi ile ilinitia mashaka na kila namba ninayoonyeshwa. Waendesha bodaboda waliokuja moja kwa moja kutoka juani walisomeka kama wana homa kali. Mabibi walioshuka kwenye magari yenye baridi walisomeka kana kwamba walikufa tangu asubuhi. Nilianza kuwaambia wa bodaboda wasimame kwanza kivulini, kisha nawapima tena, na homa inakuwa imekwisha. Msimamizi akaniambia nisilete sayansi mlangoni, nipime mara moja na kupitisha. Nilimuuliza sasa tunapima nini. Mkataba ulipoisha sikuitwa tena, na kile kifaa, kwa vile kioo chake kilikuwa kishaanza kufifia, nikaambiwa niende nacho.

Kwa hiyo nilijua mapema kwamba ngozi si mwili. Ndani ya mwili joto hushikiliwa pale pale, halipandi wala kushuka sana, na likipanda sana ni hatari. Ngozi ni mlango wake. Mwili ukizidiwa, damu hukimbilia kwenye ngozi ili itoe joto nje. Ndipo mashavu yanapoiva na mishipa ya mkono ikasimama. Kisha jasho hutoka. Lakini jasho lenyewe halipozi mtu, linalompoza ni kule kukauka kwake. Na Kisauni mwezi wa Februari hewa yenyewe imelowa. Jasho linatoka na halina pa kwenda. Linatiririka tu, likakuacha na joto lako na kiu juu yake.

Hayo niliyajua. Sikujua la kuyafanyia.

Nilizunguka nyumba nikipima kila kitu. Ukuta wa chumba upande wa magharibi. Sakafu. Paji la uso la Mama, shingo yake, viganja, nyayo. Nilisimama juu ya kiti nikaielekezea dari, ambayo ilikuwa ya mbao nyembamba chini ya mabati, na kifaa kikakataa kusoma, kikaonyesha alama ya kupita kiwango. Nilipoigusa ilikuwa kama ubavu wa birika. Basi Mama alikuwa anakaa chini ya jiko. Joto la dari lilimwangukia kutwa nzima, hata jua likiwa limeondoka.

Nilimgeukia shangazi nimpime na yeye, apate kuwa wa kulinganishia.

"Usinielekezee bunduki hiyo."

"Si bunduki, shangazi."

"Kila kinachoelekezewa mtu usoni ni bunduki."

"Nataka kujua joto lako tu."

"Nina joto la kutosha," akasema. "Ukilitaka, njoo unisaidie kukuna nazi."

*

La kwanza nililojaribu lilikuwa kosa. Nililoweka leso mbili, nikazikamua, nikazitundika mbele ya feni kama nilivyoona watu wakifanya kwenye simu. Huko kwenye simu labda ni jangwani. Chumbani kwetu, dirisha likiwa limefungwa, maji ya leso yaliingia hewani na hewa haikuwa na pa kwenda, na baada ya muda mfupi chumba kizima kikawa kama wali uliopaliwa makaa. Mama alinivumilia. Jasho lilimtoka puani, kidevuni, kwenye viwiko. Nilizitoa zile leso, na shangazi, aliyekuwa mlangoni, akaninyang'anya beseni nililozilowekea.

La pili lilikuwa barafu. Jirani yetu huuza barafu za mifuko, nikanunua nne, nikazifunga kwenye taulo na kumwekea Mama miguuni. Miguu ilipoa haraka hadi kifaa kikashindwa kuisoma, safari hii kwa upande wa chini. Nilifurahi kwa kitambo. Kisha nikapima uso, na uso ulikuwa pale pale, na Mama alikuwa ameanza kutetemeka.

"Waniua kwa baridi ndani ya joto," akasema. "Hujui hata kuua."

Nilipaswa kulijua hilo kabla. Ngozi ikishtushwa na baridi kali, mishipa yake hujibana, na damu iliyokuwa ikija kutoa joto inarudi ndani nalo. Nimefunga mlango nikidhani nafungua. Niliondoa barafu, nikamsugua nyayo, na nikiwa nasugua nikafikiria maji ya kawaida, yale ya kisima yenye chumvi ambayo hatuyanywi, ambayo si baridi wala si moto. Nikamletea beseni mbili. Moja ya miguu, moja ya mikono mpaka kwenye viwiko. Nikamlowesha shingo kwa kitambaa na kuisogeza feni karibu.

Hapo ndipo jambo likatokea. Halikuwa kubwa. Ngozi ya mikono ilishuka kidogo, taratibu, bila kutetemeka. Na baada ya muda paji la uso nalo likafuata, ingawa hakuna aliyeligusa. Damu ilikuwa ikipita mikononi, inaacha joto majini, inarudi. Nilipoyagusa maji ya beseni yalikuwa yamekuwa vuguvugu. Nilitaka kumwonyesha mtu.

"Shangazi, njoo uguse maji haya."

"Yana nini?"

"Yana joto la Mama."

Aliyagusa. Akayatazama. "Basi yamwage mbali," akasema, "lisirudi."

Jumanne na nusu ya Jumatano zilipita hivyo. Nilibadilisha maji, nilimnywesha, nilipima, nilizunguka. Sikuweza kukaa. Nikikaa niliisikia nyumba ilivyo kimya bila kikohozi cha Baba, nikainuka nikapima ukuta. Shangazi aliniambia nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama alilala mchana kwa mara ya kwanza tangu kilio.

Jumatano alasiri stima ikapotea.

Feni ilizunguka kidogo kwa mazoea yake ikasimama. Mtaa mzima ukawa kimya, kisha ukajaa sauti za watu wakiulizana. Nilikwenda kuteka maji, na pampu ya kisima, bila stima, haikutoa hata tone. Ikabidi nikaombe ndoo kwa jirani. Niliporudi Mama alikuwa ameketi wima kitandani, macho yake yakinitazama kwa upole usiokuwa wake.

"Babako karudi msikitini?" akaniuliza.

Nilimsogelea.

"Mwambie asivue kofia uani, jua kali."

Nilimgusa shingo. Ilikuwa ya moto kuliko siku zote, na kwapa lake, lililokuwa likitiririka asubuhi, lilikuwa limeanza kukauka. Nilikuwa nimesoma juu ya hilo. Joto likimpanda mtu mpaka akilini, huanza kusema yasiyopo. Lakini nilikuwa pia nimeishi na mjane wiki nane, na mjane naye humwulizia mumewe. Sikuwa na kipimo cha kunitenganishia mambo mawili hayo. Nilisimama pale na ndoo ya watu, na ninakumbuka kwamba kitu nilichokihisi zaidi ya hofu ni hasira, kwamba swali moja tu ndilo lililokuwa na maana na sikuwa na njia ya kuliuliza.

Shangazi aliingia, akaniangalia, akaangalia Mama. Hakuuliza. Alilifungua lile dirisha kwa mikono miwili, mbao zikagonga ukuta wa nje.

"Lowesha," akaniambia. "Mimi napepea."

Nilimlowesha Mama shingo, kifua, makwapa, mgongo, nguo zote, na shangazi akapepea kwa kipepeo cha ukili, mkono huu ukichoka anahamishia ule, bila kusita. Muuguzi wa zahanati ya mtaani, ambaye ni jirani yetu, aliitwa akaja na mashine ya presha chini ya baibui. Alipofika Mama alikuwa akituuliza kwa ukali ni nani aliyemmwagia maji kitandani.

"Bi mkubwa, chumba hiki si chako tena," muuguzi akamwambia alipomaliza kumpima. Kisha akanigeukia mimi. "Akianza kusema ovyo mara nyingine, msipepee na kungoja. Mnambeba hospitali hapo hapo. Eda ina ruhusa ya hospitali."

Kwa hiyo Ijumaa ilikuwa imekuja Jumatano. Sikumpigia kaka simu.

*

Nyumba yetu ina ua nyuma: jiko upande mmoja, bafu upande wa pili, na kati yake uwazi wenye upepo unaoingia kwa ufa wa ukuta wa jirani. Hata adhuhuri ua ule hupumua. Nilikuwa nimelisema hilo tangu siku ya kwanza, na tangu siku ya kwanza shangazi alinijibu kwa kunyoosha kidole juu. Nyuma ya ukuta wetu lilikuwa limejengwa ghorofa la vyumba vya kupanga, na kwenye baraza ya juu vijana wa kazi hukaa na fulana zao, wakibishana juu ya mpira, na ua wetu uko chini yao kama sahani.

Usiku ule sikubishana na shangazi. Asubuhi nilimpigia simu maalimu aliyenifundisha chuo cha Kurani nilipokuwa mdogo, aliyezoea maswali yangu na ambaye aliwahi kunitoa nje kwa ajili ya maswali hayo. Nikamuuliza kama ua wa nyumba ni nyumba.

"Una mlango wa kutokea nje?"

"Hauna. Unaingilia ndani tu."

"Basi ni nyumba. Asitiriwe, alale anapotaka. Umeridhika au una lingine?"

Nilikuwa nayo mengine lakini nikamshukuru. Nilikwenda chumbani nikiwa na jibu langu kama mtu aliyeshinda kesi, nikamwambia Mama kwamba ameachiliwa, maalimu amesema, hapana sheria iliyomfungia chumbani, ni maneno ya watu tu.

Mama alijiweka sawa kitandani.

"Nani kakwambia nimefungiwa?"

"Shangazi..."

"Shangazi yako asema mengi. Mimi nimesema nini?"

Nilijaribu kukumbuka. Katika siku zote zile za kupima na kubisha, nilikuwa nimemuuliza kama ana kiu, kama kichwa kinauma, kama anaona giza akisimama. Swali hilo lingine sikuwa nimemuuliza.

"Mimi nimelala upande wa ukutani tangu siku niliyoletwa humu," Mama akasema. "Yeye upande wa mlangoni. Nikilala mahali pengine simsikii." Akanyoosha shuka. "Na usiniulize namsikia vipi. Nakuona ulimi ushaanza kuinuka."

Niliurudisha ulimi. Ulikuwa umeinuka kweli.

Nikatazama kile kitanda. Ni samadari ya zamani, miguu ya kuchonga, kubwa kuliko mlango. Upande wa mlangoni mto wa Baba ulikuwa bado na foronya yake, na hakuna aliyekuwa ameulalia.

"Ni chumba unachokitaka," nikamuuliza, "au ni kitanda?"

Aligeukia ukuta, akaupapasa.

"Ukutani kuwe na ukuta," akasema mwishowe. "Silali uwazini kama mbuzi."

*

Samadari haipiti mlangoni. Ilibidi ifunguliwe, na haikuwahi kufunguliwa tangu harusi. Shangazi aligonga viungo kwa mchi wa kinu huku akisoma Bismillahi kila pigo, mimi nikivuta, na mke wa jirani akishika miguu isianguke. Mama alikuwa ukumbini kwenye kiti akitoa amri. Tulipokiunga kitanda tena uani tulikiweka kwanza kwenye ukuta wa jiko, ambao ulikuwa na joto la sufuria. Kisha ukuta wa bafu.

"Miaka yote nimelala na mume," Mama akasema kutoka ukumbini, "sasa nilale na choo."

Tukakihamishia ukuta wa magharibi, ambao tangu adhuhuri hadi jioni huwa kwenye kivuli chake wenyewe. Niliupima. Ulikuwa mpoa kuliko kitu chochote katika nyumba ile isipokuwa sakafu ya bafu.

Ikabaki baraza ya juu. Nilipendekeza tuzungushe mapazia pande zote. Shangazi alikubali haraka na akaanza kutoa leso kwenye sanduku, na mimi nikaanza kuona kwamba tukizungusha leso pande zote tutakuwa tumejenga kile chumba upya, na kuufungia upepo nje. Nikamwambia hivyo. Akaniambia nichague: upepo au heshima. Tukasimama tumeshikana leso, kila mmoja na pindo lake.

"Nakwenda kuona wenyewe waona nini," shangazi akasema ghafla.

"Wapi?"

Alikuwa kishavaa baibui. Bibi wa umri wake, mwenye magoti yanayolia, alitoka, akazunguka kona, akapanda ngazi za lile ghorofa hadi juu. Simu yangu ikalia.

"Lala kitandani," sauti yake ikasema, ikihema. "Wewe ndiwe mamako."

Nikalala. Juu, ukingoni mwa baraza, niliona kichwa chake cheusi kati ya vichwa viwili vya vijana.

"Nakuona mpaka kitovu."

"Shangazi, nimevaa dera."

"Dera hilo lasema yote. Hebu vuteni leso moja juu, kama paa. Si ubavuni. Hawa wako juu, watachungulia ubavuni kwa njia gani?"

Mke wa jirani alifunga leso kutoka msumari wa bafu hadi nguzo ya jiko. Kichwa cha shangazi kikapotea nyuma ya kitambaa. Nikabaki naisikia sauti tu.

"Sasa naona miguu. Ongeza ya pili. Ivuteni kushoto. Kushoto kwangu, si kwenu. Naona kidole gumba. Gumba lile la kulia, likunje. Basi. Sikuoni." Kisha, kwa mtu mwingine aliyekuwa kando yake: "We kijana, wewe wamwona mtu pale?"

Sauti ya kijana, ya adabu na ya hofu kidogo: "Simwoni, Bi mkubwa. Naona leso tu."

"Na jana ulikuwa ukiona nini?"

Nilisikia kiti kikivutwa. Nilimsikia shangazi akiambiwa aketi, akiletewa maji, akikataa, kisha akiyanywa.

Paa lile la leso lilikuwa limefanya na kazi ambayo hakuna aliyeliagiza: lilikata jua la saa sita lililokuwa likianguka kitandani moja kwa moja. Pembeni kote pakawa wazi, na upepo ukapita kati ya kitambaa na godoro kana kwamba palikuwa pamepimwa. Mama alitolewa alasiri akiwa amejifunika, akapanda kitandani, akajisogeza mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Tukamwekea beseni. Akafumba macho, na mkono wake wa kushoto akaupeleka pale penye mto mwingine, akauacha hapo.

*

Kaka alikuja Ijumaa baada ya swala. Gari alilisimamisha mlangoni likinguruma, baridi imewashwa ndani, kiti cha nyuma kimetandikwa shuka safi. Alipita ukumbini, akaingia chumbani, na tukamsikia akiita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu utotoni. Chumba kilikuwa kitupu. Hata kitanda hakikuwamo.

"Abee," Mama akajibu kutoka uani, kama anayeitwa na mkubwa wake.

Alitokea mlangoni pa ua uso umembadilika rangi. Nilimweleza kila kitu, na ya Jumatano pia. Nilimwona akitaka kunifokea kwa kutomwambia, na alikuwa na haki, na angefanya hivyo lau Mama hakuwa akila ndizi mbivu mbele yake. Alikaribia, akamwekea mgongo wa mkono shingoni. Mama akaupiga kofi ule mkono.

"Nawe pia wapima? Nyote mmekuwa madaktari."

"Hana joto," kaka akaniambia, kama kwamba nilikuwa nimebisha.

Akaketi ukingoni mwa kitanda, upande ule uliokuwa wa mlangoni. Mama akaacha kutafuna. Kaka alielewa kabla hajaambiwa, akainuka, akashuka kwenye mkeka, akavua soksi zake. Baada ya muda alitoka kwenda kulizima gari.

Mama alimaliza eda yake katika ua ule. Hakuanguka tena. Ningependa kuandika kwamba najua kwa nini, lakini sijui. Nilikuwa nimebadilisha kila kitu kwa pamoja: dari, upepo, kivuli, maji ya beseni, na kitanda chenyewe, na usingizi wake, na majuma yale yale muuguzi alimbadilishia saa ya kumeza dawa. Mhadhiri wangu angenipa sifuri kwa jaribio la namna hiyo. Ilinisumbua. Wiki ya pili nilimwomba Mama aniruhusu niondoe beseni tu kwa mchana mmoja, leso zibaki, niangalie ngozi itafanya nini.

"Mimi si panya wako," akasema.

"Mchana mmoja tu, Mama."

"Nimepoa. Imekutosha?"

Haikunitosha, na bado haijanitosha. Kuna siku nilibaki nimesimama pale na swali langu hadi shangazi akanipa mchele nichambue.

Alfajiri ya siku ya kutoka eda, shangazi alimkosha Mama bafuni na mimi nikiwa wa kuteka na kumwaga. Masika yalikuwa yameanza na maji ya kisima yalikuwa yamepoa usiku kucha. Mama aliketi kwenye kibao, mgongo wazi, mgongo ambao nilikuwa sijauona wote tangu nikiwa mtoto. Nilipomwaga kata ya kwanza ngozi yake ilishtuka, ikainuka vipele vidogo vidogo kutoka mabegani hadi kiunoni, na nywele laini za shingoni zikasimama. Nilikaa na kata mkononi nikivitazama vile vipele vikitulia kimoja kimoja.

"Mwaga maji," Mama akasema bila kugeuka. "Wacha kunihesabu."

Nikamwaga.